Namna ya kutembea Olympia kwa hatua za mkimbiaji

Karibu kila basi la watalii linaloshusha watu Olympia, Ugiriki, palipofanyika michezo ya Olimpiki ya kale, huona mambo yale yale. Watu wanauliza uwanja uko wapi, wanaufuata mbiombio, wanachuchumaa kwenye jiwe la kuanzia kama wanaosubiri bastola, wanapigwa picha, wanaondoka. Safari yangu ya kwanza, mwaka 2014, ilikwenda hivyo hivyo. Nilikuwa nimefundisha michezo sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini huko Manyara, nimechora mistari ya chokaa isiyohesabika, na bado nilitoka pale bila kuelewa, kwa sababu nilianzia mwisho. Uwanja ndio mwisho wa njia. Mkimbiaji wa kale hakuukanyaga mpaka awe amepita mahali kadhaa, na kila mahali palimdai kitu.

Nimerudi mara tatu tangu hapo, maana mwanangu anaishi Patras, mji wa Ugiriki, na mara mbili nimewapitisha wenzangu waliotoka nyumbani kututembelea. Hii ndiyo njia ninayowapitisha.

Kabla hujafunga mizigo

Pima hatua yako. Tandaza utepe wa kupimia mita 20 mahali tambarare, tembea mwendo wako wa kawaida, hesabu hatua, kisha gawanya. Rudia mara tatu uchukue wastani. Yangu ni sentimita 72. Iandike kwenye kidaftari, na hicho kidaftari usikiache hotelini.

Nenda Aprili au Mei. Wakati huo miti ya kilima cha Kronos, kilicho kando ya magofu, inachanua maua ya zambarau na nyasi za uwanjani bado ni za kijani. Michezo ya kale ilifanyika katikati ya kiangazi, kwenye joto la Julai na Agosti, watu maelfu wakilala nje kwenye bonde lenye nzi, na maji yalikuwa taabu kwa karne nyingi mpaka tajiri mmoja, Herodes Atticus, alipojenga mfereji na chemchemi katikati ya karne ya 2 BK. Hesabu mwenyewe: kama michezo ilianza mwaka 776 KK, ambao ndio mwaka unaotajwa na mapokeo, basi watu walivumilia kiu miaka 900 ili waone mbio. Wewe beba kofia na lita moja na nusu ya maji.

Kutoka Athens unapanda basi katika kituo cha Kifissos hadi mji wa Pyrgos, halafu basi jingine kwa kilomita kama 20 hadi kijijini Olympia. Tenga nusu siku nzima. Usijaribu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Lala kijijini usiku mmoja, kwani njia yangu inahitaji mchana mmoja na asubuhi moja.

Mchana wa kufika: makumbusho na moyo wa Coubertin

Ukishaweka begi, usiende magofuni. Jua ni kali, na mabasi yamejaa. Nenda makumbusho. Wenye vitabu vya utalii watakuelekeza kwa sanamu ya Hermes iliyochongwa na Praxiteles, nayo ni nzuri kweli, lakini mimi ni mwalimu wa michezo, kwa hiyo nitakuelekeza kwa jiwe. Ni jiwe la mchanga lenye uzito wa kilo 143.5, na limeandikwa kwamba mtu aliyeitwa Bybon alilinyanyua juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja. Waliokuwa nami walibishana mbele ya jiwe hilo robo saa nzima. Wabishane. Kisha tafuta kikombe kidogo cheusi cha udongo ambacho chini yake pameandikwa kuwa ni mali ya Pheidias, yule aliyechonga sanamu kubwa ya Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, kwa dhahabu na pembe za ndovu. Sanamu ilihesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia na imepotea kabisa. Kikombe kipo.

Jua likipungua, tembea barabara inayokwenda mashariki, kama kilomita moja na nusu kutoka kijijini, hadi kwenye chuo cha Olimpiki. Pale, katikati ya miti, pana nguzo ya marumaru. Ndani yake umezikwa moyo wa Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeitisha mkutano Paris tarehe 23 Juni 1894 ulioanzisha kamati ya kimataifa ya Olimpiki. Alifariki mwaka 1937. Mwili ukabaki Lausanne, Uswisi, na moyo ukaletwa huku mwaka uliofuata, kama alivyousia. Simama hapo na ujiulize swali ambalo utalibeba kesho: je, haya tunayoyaona kwenye televisheni kila miaka minne, lipi limetoka kwa wale wa kale, na lipi limetoka kwa huyu?

Nitakupa la kuanzia. Pete tano ni zake. Alizichora mwaka 1913, na bendera yake ikapepea kwenye michezo kwa mara ya kwanza Antwerp mwaka 1920. Ukikutana na maandishi yanayosema pete hizo zimechongwa kwenye jiwe la kale huko Delphi, mahali pengine patakatifu pa Wagiriki, jiwe lipo kweli, ila lilichongwa kwa ajili ya mwenge wa mwaka 1936. Waandishi kadhaa waliliona baadaye wakaliamini kuwa la miaka elfu tatu.

Asubuhi: anza pale walipojipaka mafuta

Uwe langoni saa mbili, wanapofungua. Utapita njia yenye kivuli, na upande wa kulia utaona safu za nguzo. Hapo palikuwa ukumbi wa mazoezi, wenye njia ya kukimbilia iliyoezekwa, urefu wake sawasawa na urefu wa uwanja wenyewe. Mkimbiaji aliweza kufanya mazoezi ya umbali ule ule bila kuchomwa na jua wala kunyeshewa. Sehemu kubwa imechukuliwa na mto Kladeos. Mbele kidogo ni ua wa mraba uliozungukwa na nguzo, palaestra, pa wapiganaji mieleka na ndondi. Walijipaka mafuta ya mzeituni mwili mzima, wakajirushia vumbi, na baada ya mazoezi wakayakwangua yote kwa kifaa cha shaba kilichopinda kama mundu mdogo.

Kaa kwenye jiwe hapo dakika kumi. Watu wengi hawajui kwamba mwanamichezo wa Olympia hakujitokeza tu siku ya mashindano. Alitakiwa awe amefanya mazoezi miezi kumi, na mwezi wa mwisho aufanye katika mji wa Elis, chini ya macho ya waamuzi, ambao waliweza kumrudisha nyumbani asiyefaa. Kisha waamuzi, wanamichezo, makocha na farasi walitembea pamoja kutoka Elis hadi hapa, karibu kilomita 60, siku mbili njiani. Nikifikiria watoto wangu wa shule waliokuwa wakishuka kwenye lori la mchanga saa moja kabla ya mashindano, wamekunja magoti usiku kucha, naona ule mwendo wa siku mbili ulikuwa na busara. Walifika wakiwa wamefahamiana.

Karakana ya Pheidias iko mbele, ina kuta nzima kwa sababu Wakristo waliigeuza kanisa. Chungulia. Ile nyumba kubwa ya wageni, Leonidaion, unaweza kuipita.

Mahali pa kiapo

Pinda kushoto kuelekea kusini mwa hekalu kubwa. Tafuta kibao cha Bouleuterion. Wageni hawasimami hapa, kwani ni misingi tu: majengo mawili marefu yenye mwisho wa duara, na katikati yake kiwanja cha mraba. Wewe simama. Katika kiwanja hiki ilikuwapo sanamu ya Zeus wa Kiapo, ameshika radi katika kila mkono. Msafiri Pausanias, aliyepita hapa karne ya 2 BK, aliandika kuwa kati ya sanamu zote za Zeus hii ndiyo iliyotengenezwa kumtisha mwovu. Juu ya vipande vya nyama ya nguruwe dume, wanamichezo waliapa kwamba hawataihujumu michezo, na kwamba wametimiza miezi yao kumi. Hawakuapa peke yao. Baba zao waliapa, ndugu zao waliapa, makocha wao waliapa. Waliowachunguza wavulana na farasi wachanga nao waliapa kwamba wataamua kwa haki bila kupokea zawadi.

Tuangalie upande wetu. Kiapo cha mwanamichezo kiliingia mwaka 1920, kikisomwa na Mbelgiji Victor Boin. Waamuzi hawakuapa hadi mwaka 1972. Makocha walianza kuapa London mwaka 2012. Tangu michezo ya Athens ya 1896, ya kwanza ya siku hizi, hadi makocha kuinua mkono ni miaka 116, ilhali wa kale walijua tangu zamani kwamba mtoto akidanganya umri, kuna mtu mzima aliyemfundisha kudanganya. Nimekaa kwenye vyumba vya kuhakiki umri wa wanafunzi kwenye mashindano ya mkoa. Nimeona kijana mwenye ndevu akiandikwa miaka 15 na walimu wazima wakitazama dirishani. Ndiyo maana hapa huwaomba wenzangu tusimame kimya, kila mtu aseme kwa sauti jambo moja ambalo hatalifanya ili ashinde. Ukiwa peke yako, sema peke yako.

Kutoka hapo utaona hekalu la Zeus mbele yako. Pita. Usisimame, usipande ngazi, usipige picha. Mkimbiaji alirudi hapo kama mshindi, nasi tutarudi.

Safu ya aibu

Fuata njia kuelekea kilima cha Kronos, halafu upinde kulia kuelekea uwanjani. Mkono wako wa kushoto, chini ya ukuta, utaona safu ya vitako vya mawe, 16 kwa jumla. Vingine vina alama za nyayo pale sanamu iliposimama. Hivi ni vitako vya Zanes, sanamu za shaba za Zeus zilizonunuliwa kwa faini za wanamichezo waliokamatwa wakihonga. Sita za kwanza ziliwekwa baada ya michezo ya mwaka 388 KK, bondia Eupolos wa Thessalia alipowahonga wapinzani wake watatu. Maandishi yalimweleza kila apitaye kwamba Olympia hushindwa kwa wepesi wa miguu na nguvu za mwili, si kwa fedha.

Angalia zilipowekwa. Hazikuwekwa sokoni wala langoni, bali hatua chache kutoka mlango wa uwanja, ili ziwe jambo la mwisho analoliona mtu kabla ya kushindana. Jina lako lingesomwa na wakimbiaji wa miaka mia tano mbele.

Sita nyingine ziliwekwa baada ya mwaka 332 KK. Mwathene aitwaye Kallippos aliwahonga wapinzani wake kwenye mashindano ya michezo mitano. Athens ikakataa kulipa faini, ikasusia michezo, mpaka kuhani wa Delphi, aliyewapa watu majibu ya miungu, alipowaambia hatawajibu swali lolote kabla hawajalipa. Wakalipa. Kususia michezo ni jambo la kale kiasi hicho. Wa umri wangu tunakumbuka kususia kwetu kwa mwaka 1976, sababu yake ikiwa tofauti kabisa: Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilikataa kwenda Montreal kwa kuwa New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka huo. Alibaki nyumbani. Kwetu lilikuwa deni la heshima, tukalilipa kwa mbio zake.

Sasa sikiliza hili ukiwa umesimama mbele ya vitako. Tarehe 18 Agosti 2004, michezo iliporudi Athens, shindano la kurusha tufe lililetwa huku Olympia, katika uwanja ule ule ulio mbele yako. Watazamaji walikaa kwenye nyasi. Kwa wanawake alishinda Irina Korzhanenko wa Urusi, na kwa wanaume Yuriy Bilonog wa Ukraine. Wote wawili walivuliwa medali kwa kutumia dawa zilizokatazwa, mwanamke siku chache tu baadaye, mwanamume baada ya sampuli yake kupimwa upya mwaka 2012. Dhahabu zikaenda kwa waliokuwa wa pili: Yumileidi Cumbá wa Kuba na Adam Nelson wa Marekani. Washindi wote wawili wa siku hiyo walipita hapa, kando ya vitako hivi.

Lishike neno hilo, wa pili. Tutalirudia.

Ndani ya njia ya mawe, hadi kwenye mstari

Njia iliyoezekwa kwa tao ilikuwa na urefu wa mita 32. Leo limebaki tao la mwanzo tu. Ingieni mmoja mmoja, bila kuongea. Upande wa pili mwanga unakupiga usoni, na unashangaa jinsi uwanja ulivyo mtupu. Hakuna jukwaa. Kuna kingo za udongo zenye nyasi, ambazo ziliweza kubeba watu 40,000 na zaidi, na viti vya mawe vya waamuzi upande wa kulia. Wengine wote walisimama au kukaa chini.

Jiwe la kuanzia lina mifereji miwili sambamba. Usichuchumae. Hakuna aliyechuchumaa hapa. Weka vidole vya mguu mmoja kwenye mfereji wa mbele, vya mguu wa pili kwenye mfereji wa nyuma, miguu ikiwa imekaribiana, kunja magoti kidogo, nyosha mikono mbele, egemeza mwili. Utahisi unakaribia kuanguka, na ndivyo inavyotakiwa. Aliyetangulia ishara alichapwa fimbo mbele ya umati.

Sasa tembea hadi jiwe la upande wa pili ukihesabu hatua. Kati ya jiwe na jiwe ni mita 192.27, yaani futi 600 za Olympia, na hadithi inasema Herakles, shujaa wa ngano za Wagiriki, ndiye aliyezipima kwa nyayo zake mwenyewe. Ukigawanya, wayo huo ni sentimita 32. Mimi hupata hatua kati ya 266 na 271. Uwanja wa Delphi ni mfupi kwa karibu mita 15, kwa sababu futi yao ilikuwa ndogo, na hakuna aliyejali. Hawakuwa na saa ya mbio, wala rekodi. Mbio ya hapa ilihusu watu waliosimama mstarini siku hiyo, basi. Kwa michezo 13 ya mwanzo, mapokeo yanasema, hii mbio moja ndiyo ilikuwa michezo yote, na wa kwanza kuishinda alikuwa Koroibos, mpishi wa Elis.

Ukiwa katikati, geuka upande wa viti vya waamuzi, kisha ng'ambo yake. Utaona madhabahu ya mawe meupe. Hapo aliketi kuhani wa mungu mke Demeter, na ndiye mwanamke pekee aliyeolewa aliyeruhusiwa kutazama. Wengine sheria ilisema watupwe kutoka mlima Typaion. Kallipateira, mama mjane, alijivika nguo za kocha ili amwone mwanawe akipigana. Kijana aliposhinda, mama akaruka kizuizi na kufunuka. Walimsamehe kwa heshima ya baba yake na kaka zake, waliokuwa washindi wa Olympia, ila tangu siku hiyo makocha waliamriwa waingie uchi kama wanamichezo. Nilipoisoma habari hii pale pale, nilikumbuka nilivyokuwa nikikimbilia mstari wa mwisho kuwapokea wasichana wangu, kanga mkononi. Nilikaa chini.

Wasichana nao walikuwa na mbio zao hapa hapa, kwa heshima ya Hera, mke wa Zeus, siku tofauti. Walikimbia nywele zimeachiwa, gauni juu ya goti, bega la kulia wazi. Njia yao ilipunguzwa sehemu moja ya sita. Dada msomaji, rudi kwenye jiwe la kuanzia uhesabu mita 160. Kwangu mimi ni hatua 222.

Usikimbie bado.

Hekalu la Zeus, na mtu ambaye hakupewa kitu

Rudi kupitia njia ya mawe hadi hekalu kubwa. Nguzo zake ziliangushwa na matetemeko ya ardhi ya karne ya 6 BK, na vipande vyake vimelala ubavu kama sahani zilizoporomoka kabatini. Moja imesimamishwa tena mwaka 2004, ili ujue urefu: zaidi ya mita kumi. Nyuma ya hekalu ulikuwapo mzeituni mtakatifu. Mvulana ambaye wazazi wake wote wawili wako hai alikata matawi yake kwa mundu wa dhahabu, na hapa hekaluni mshindi akavikwa taji. Taji la majani, na hakuna zaidi. Zawadi za fedha na chakula cha bure maisha yote zilimngoja mjini kwake.

Mshindi mmoja. Mtume Paulo aliliona jambo hili hili. Alipowaandikia Wakorintho kwamba wote hupiga mbio lakini tuzo hupokelewa na mmoja, alikuwa akiwaambia watu walioishi jirani na mashindano ya Isthmia, waliojua taji la majani ni kitu gani. Wa pili hakuitwa, wala jina lake halikuandikwa popote. Mshairi Pindar, aliyewatungia washindi nyimbo, aliwaelezea walioshindwa kuwa walirudi kwao kwa vichochoro, wakijificha, na mama zao hawakuwapokea kwa kicheko.

Mwaka 1980 nilikuwa na miaka 12. Baba yangu aliweka redio ya betri juu ya kinu kilichopinduliwa, uani, majirani wakajaa. Moscow, Filbert Bayi aliongoza mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3000 karibu njia nzima, akaja kupitwa na Bronisław Malinowski wa Poland. Suleiman Nyambui akawa wa pili nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwenye mita 5000. Medali mbili za fedha. Hadi michezo ya Paris ya 2024 nchi yangu haikuwa na nyingine, za rangi yoyote. Watu walipiga vigelegele mpaka betri zikaisha. Miaka minne baadaye nami nilikuwa wa pili kwenye mita 800 za mashindano ya shule, nikapewa daftari kubwa na kalamu, na ndiyo sababu nikawa mwalimu wa michezo.

Katika Olympia, Bayi na Nyambui wangepita vichochoroni. Hata Athens mwaka 1896 mambo yalikuwa bado yanatafutwa: wa kwanza alipewa medali ya fedha na tawi la mzeituni, wa pili ya shaba na tawi la mlori, wa tatu hakupewa kitu. Dhahabu, fedha na shaba zimeanza St. Louis mwaka 1904. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kila kizuri cha michezo tumekirithi kwa Wagiriki, mlete hapa. Nafasi ya wa pili tumeiweka sisi wa siku hizi, na mimi naiona kuwa zawadi kubwa kuliko pete na nyimbo.

Pale moto unapowashwa

Hekalu la Hera liko kaskazini, la zamani kuliko la Zeus, karibu mwaka 600 KK. Mbele yake, kwenye nyasi, ndipo mwigizaji aliyevaa kama kuhani hukinga kioo cha mbonyeo dhidi ya jua na kuwasha mwenge. Watu hudhani ni ibada ya kale isiyokatika. Wa kale walikuwa na mbio za mienge Athens, lakini hapa Olympia hawakuwa na za kupokezana. Mwenge huu uliwashwa mara ya kwanza Julai 1936, ukapelekwa Berlin ya Hitler na wakimbiaji zaidi ya 3,000, wazo likiwa la Mjerumani Carl Diem. Na kama kuna mawingu, wanatumia moto waliouwasha siku ya mazoezi na kuutunza, kama walivyofanya Aprili 2024 kwa ajili ya Paris.

Asili yake haikunizuia kulia. Tarehe 13 Aprili 2008 nilikuwa Dar es Salaam kikazi, nikasimama barabarani kati ya stesheni ya TAZARA na Uwanja wa Taifa. Sisi tuliozoea kuupokea Mwenge wa Uhuru kwa ngoma tulijua namna ya kuupokea moto. Ulipita mbele yangu, mita mbili. Safari ile, Dar ilikuwa kituo pekee barani Afrika. Miaka sita baadaye nilipofika kwenye nyasi hizi na kuoneshwa mahali ulipowashiwa, nilipiga magoti nikazigusa.

Sasa kimbia

Kufikia saa tano wale wa mabasi wameshaondoka kwenda chakula, na wa mchana hawajafika. Rudi uwanjani. Vua begi, funga kamba za viatu. Simama kama nilivyokufundisha, vidole kwenye mifereji. Mkiwa kundi, kimbieni wawili wawili, umri wowote na mwendo wowote, mmoja wenu akatangulie kwenye jiwe la mwisho na kidaftari.

Mimi ndiye hutangulia. Mwaka jana walikuwa muuguzi mstaafu wa miaka 63 na mjukuu wake wa miaka tisa. Mjukuu alitangulia, akageuka kumtazama bibi yake, naye akaja akihema, mkono kiunoni, kilemba kimelegea, hakusimama hata mara moja. Nikawauliza majina yao kamili kana kwamba siwajui, nikayaandika yote mawili, moja chini ya jingine, na tarehe.